Muumini aliyevamiwa na majambazi: tumhudumie vipi bila kumuumiza zaidi?

MzeeWaUsharika:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kuna mama usharikani kwetu alivamiwa nyumbani usiku na watu wenye mapanga, sasa ni wiki ya tatu. Halali. Geti likigongwa tu, alichoshika kinamponyoka. Wazee wengine wanasema ni roho ya hofu, ikemewe. Wengine wanataka atoe ushuhuda Jumapili. Tuanzie wapi?

Mch_Ushauri:
Asifiwe sana mzee wangu. Ushuhuda uahirishwe kabisa. Kumsimamisha mbele ya watu asimulie panga lilivyopita ni kumrudisha usiku ule ule, tena hana pa kukimbilia.

Mtembeleeni wawili, mmoja awe mama, kwa dakika 45 hivi. Akae anapouona mlango, na asiwepo mtu kati yake na mlango huo. Msimwulize "ilikuwaje?", mwulizeni "jana usiku ulipitaje?" Mengine atayasema mwenyewe akiwa tayari. Kabla ya kumwekea mikono, ombeni ruhusa, tena mkiwa mbele yake. Aliyekabwa kwa nyuma akiguswa kisogoni ghafla, mwili hautofautishi mchungaji na jambazi. Wala msimlazimishe kufumba macho wakati wa sala.

Akianza kukodoa macho na pumzi kukatika, acheni mazungumzo. Akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, ataje vitu vitano anavyoviona, avute pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6.

NesiMshauri:
Naongezea, mzee. Kushtuka na kuweweseka wiki za mwanzo huwapata wengi. Yakizidi mwezi na kumzuia kazi au malezi, apelekwe kwa daktari wa afya ya akili. Akigusia kutaka kufa, ni siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Mama mwenzake amwulize faraghani kama alibakwa pia, kwa sababu kwa wazee wa kiume hatasema. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, kwa hiyo muda huo umepita, lakini vipimo vya VVU, mimba na magonjwa ya zinaa bado vinafaa. Hospitali zenye Kituo cha Mkono kwa Mkono humpa matibabu, ushauri na msaada wa polisi sehemu moja. PF3, ile fomu ya matibabu ya aliyeumizwa, hutolewa na polisi, na ubakaji haumalizwi kwenye kikao cha wazee.

Mch_Ushauri:
Kuhusu kukemea: akikemewa na usiku bado halali, ataamini imani yake ndiyo mbovu, na hatawaambia tena ukweli. Eliya alipoomba kufa, malaika alimpa mkate na maji, akalala, akapewa tena (1 Wafalme 19). Mahojiano yalikuja baadaye. Someni naye Zaburi 88, inayoishia gizani bila kumharakisha mtu afurahi. Msamaha msiuguse sasa. Na hata atakaposamehe, kesi iendelee.

MzeeWaUsharika:
Ushuhuda nimeufuta. Mama mchungaji na mwinjilisti wataenda Jumatano. Watoto wake wawili nao waliona yote, je?

NesiMshauri:
Shule wasiache, na usiku walale karibu na mama. Mdogo akianza tena kukojoa kitandani asichapwe. Wapeni karatasi na kalamu za rangi, msiwaulize wamechora nini mpaka waseme.