Kumleta mchumba Uingereza: viza ya uchumba, ya ndoa au ya mwenza, ipi ina nafuu?

Mzigua_wa_Leicester
Wakuu, habari za leo. Nina pasipoti ya Uingereza, nafanya kazi kwenye ghala moja huku Midlands, nalipwa kwa saa na ovataimu ikipatikana naichukua. Mchumba wangu yuko Tanga, kamaliza chuo, wazee wa pande zote wameshaonana na posa imepokelewa. Kila ninayemuuliza ana njia yake. Mmoja anasema nimlete kwa viza ya uchumba tufunge ndoa huku. Mwingine anasema nenda kaoe nyumbani ndipo uombe viza ya mke. Kuna jamaa kaniambia aje kwa viza ya matembezi kwanza, "mengine yatajipa". Mliopita huko naomba mnilinganishie gharama, muda na usumbufu.

Shangazi_Barking
Mwanangu, hiyo ya matembezi ifute leo hii. Aliyeingia kwa matembezi haruhusiwi kubadili kuwa viza ya mke akiwa ndani ya nchi. Hata kufunga ndoa tu anatakiwa awe na viza ya mgeni wa ndoa, na hiyo nayo ndoa ikishapita inamtaka arudi kwao. Akibainika uwanjani kwamba kaja kuhamia, wanamgeuza, na rekodi inamfuata kwenye kila ombi la baadaye.

Zilizobaki nakuwekea kwa ada za Aprili 2025. Viza ya mke ni £1,938, pamoja na ada ya afya ambayo ni £1,035 kwa mwaka. Viza yenyewe ni ya miezi 33, na wao wanahesabu miaka mitatu kamili, kwa hiyo £3,105. Jumla £5,043. Viza ya uchumba ni hiyo hiyo £1,938 bila ada ya afya, na hapo ndipo watu wanapoiona rahisi. Lakini ni ya miezi sita. Mkishaoana anaomba upya akiwa huku: £1,321 na ada ya afya ya miezi 30, £2,587.50. Jumla inafika £5,846.50. Umeongeza zaidi ya mia nane, na muda wote huo haruhusiwi kufanya kazi, hata ya siku moja. Miezi hiyo pia haiingii kwenye ile miaka mitano ya kuelekea ukaazi wa kudumu.

Kipimo cha kifua kikuu kinamhusu hata mchumba wa miezi sita. Cheti chake kinadumu miezi sita, asikimbilie kupima kabla karatasi zako hazijakaa sawa.

Kwa maoni yangu, kaoe nyumbani. Wazee wameshapokea posa, unasubiri nini?

Dereva_wa_Usiku
Shangazi kapiga hesabu vizuri, ila nyote mnaongelea ada wakati mlango wenyewe ni kipato. Tangu 11 Aprili 2024 mdhamini, yaani wewe uliye huku unayemleta, anatakiwa awe na kipato cha £29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa £18,600. Na kiwango ni kilekile, awe mke au mchumba. Mshahara wa mwenzako aliyeko Tanzania hauhesabiwi, awe hata na duka la jumla.

Mkuu, wewe wa kulipwa kwa saa una unafuu ambao wengi hawaujui. Ukiwa na mwajiri mmoja kwa miezi sita au zaidi, wanachukua wastani wa mapato ya miezi hiyo sita kabla ya kodi, wanaupeleka kwenye mwaka. Ovataimu ya kuelekea Krismasi inaingia. Mwenye mshahara wa mwezi uliopangwa anaangaliwa kiwango cha chini kabisa ndani ya miezi ile, kwa hiyo akipandishwa mshahara mwezi wa tano haimsaidii bado. Kila slipu ya mshahara lazima ionekane imeingia kwenye taarifa ya benki, pesa ileile. Za kupewa mkononi zisahau.

Sisi wa teksi ndio tunaoumia. Tuliojiajiri tunaangaliwa faida ya mwaka wa kodi uliofungwa. Nina rafiki ambaye mapato yake ni zaidi ya elfu arobaini, lakini kila mwaka anaandika petroli, bima, kukodi gari, matairi, kuosha gari, hadi faida inabaki elfu kumi na tisa ili kodi iwe ndogo. Mkewe bado yuko Arusha. Kodi alikwepa kihalali kabisa, ila karatasi yake mwenyewe inasema hana uwezo wa kulisha mke. Sasa anasubiri mwaka wa kodi ufungwe Aprili, atoe matumizi kidogo, alipe kodi zaidi, ndipo aombe.

MamaTatu_Coventry
Naomba niitetee viza ya uchumba kidogo, maana hapa inapigwa kama haina mwenyewe.

Mimi niliitumia kwa makusudi. Mama yangu yuko huku na anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, hawezi kupanda ndege hadi Moshi, na mimi ndiye binti yake wa pekee. Kuolewa mama hayupo sikutaka. Mume wangu akaja kwa uchumba, tukaandikisha taarifa ya ndoa kwa msajili, tukasubiri siku 28 zinazotakiwa, tukaoana mama akiwa amekaa mstari wa mbele na kiti chake cha magurudumu. Zile mia nane za ziada sikuzijutia.

Ila nikuambie lenye ukweli wake. Kilichotusumbua ni yeye kukaa bure. Mwanaume aliyezoea kuamka saa kumi na moja kufungua duka lake la vipuri, sasa anangoja nirudi kazini anipokonye ufagio wa mkono ili aonekane kafanya kitu. Akitaka kwenda kunyoa anazunguka jikoni mara mbili kabla hajaomba nauli. Hata maombi ya pili yalipokwenda, aliendelea kukaa hivyo hadi jibu lilipotoka. Kama una mchumba mwenye damu ya kazi, lifikirie hilo kuliko pesa.

Mnairobi_Reading
Kuna njia ya tatu mmeiruka, ya mwenza bila ndoa. Zamani ilidai mwe mmeishi nyumba moja miaka miwili, na sisi wa mapenzi ya mbali ilitufungia nje. Kuanzia 31 Januari 2024 wameilegeza. Mnatakiwa kuonyesha uhusiano unaofanana na ndoa kwa angalau miaka miwili, hata kama mmekuwa mkiishi mbalimbali kwa sababu inayoeleweka. Ada ni sawa na ya mke, na anaruhusiwa kufanya kazi tangu siku ya kwanza.

Ugumu ni ushahidi. Mwenye cheti cha ndoa anaanza na karatasi moja nzito. Sisi tulipeleka tiketi za ndege, risiti za kutumiana pesa, bima iliyomtaja kama mrithi, barua za ndugu, na kurasa za WhatsApp. Hizo WhatsApp chukueni chache kwa kila mwezi, za mazungumzo ya kawaida ya kodi ya nyumba na mtoto kuumwa. Zile za usiku wa manane waachieni nyinyi wenyewe.

Shangazi_Barking
Mnairobi, sawa, lakini kwa binti wa Tanga ambaye posa imeshapokelewa? Utawaambia nini wazee, kwamba serikali ya Uingereza imeruhusu?

Mpemba_Northampton
Aslan nilikuwa nasoma tu, ila niseme kuhusu cheti. Ukioa Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio itolewe siku 21 kabla, kwa hiyo usikate tiketi ya wiki mbili ukadhani utaoa na kurudi. Baada ya ndoa hakikisha imesajiliwa na cheti kimetoka. Jina liwe lile la pasipoti, herufi kwa herufi. Mwanaidi na Mwanaid ni watu wawili kwa afisa wa viza. Karatasi yoyote ya Kiswahili ifuatane na tafsiri ya Kiingereza yenye jina, saini, tarehe na mawasiliano ya mtafsiri.

Na hili wengi linawapata: nikahi ya sebuleni kwa mjomba huku England, bila msajili wala jengo lililosajiliwa kwa ndoa, kwa Mungu ni ndoa, kwa sheria ya hapa bado hamjaoana. Huwezi kuiombea viza ya mke. Na lazima muwe mmekutana ana kwa ana, simu ya video haitoshi.

Kijana_wa_Ulezi
Samahani kuingilia. Mimi nina viza ya kazi ya kulea wazee, nimeingia mwaka jana. Naweza kutumia hii ya mke?

Dereva_wa_Usiku
Hapana ndugu yangu. Hii inamtaka mdhamini awe raia, au mwenye ukaazi wa kudumu, au hali ya ukimbizi, na wengine wachache. Na walezi walioomba kuanzia 11 Machi 2024 walizuiwa kuleta wategemezi kupitia viza yao ya kazi. Akikuambia mtu ana "njia", muulize kama amesajiliwa na Immigration Advice Authority, mamlaka inayosajili washauri wa uhamiaji, ile iliyokuwa ikiitwa OISC hadi Januari 2025. Asiyekuwemo humo na si wakili, usimpe hata shilingi.

Mzigua_wa_Leicester
Nawashukuru sana. Nimekaa na slipu zangu jana, wastani unakuja kama £27,000. Nimepungukiwa elfu mbili. Nikiweka akiba ya elfu mbili benki si inafidia?

Dereva_wa_Usiku
Ingekuwa hivyo tungekuwa na wake zetu wote. Hesabu yao: upungufu mara mbili na nusu, kisha ongeza £16,000. Kwako ni £5,000 na £16,000, yaani £21,000, na ziwe zimekaa kwako miezi sita. Asiye na kipato kabisa anatakiwa £88,500. Kwa elfu mbili, mkuu, chukua ovataimu. Ni kama £167 kwa mwezi, kabla ya kodi, kwa miezi sita mfululizo. Anza sasa, uoe katikati, uombe slipu ya sita ikitoka.

Mzigua_wa_Leicester
Nimekusoma. Basi ni ndoa ya Tanga. Na mtihani wa Kiingereza je? Shahada yake ni ya chuo kikuu cha nyumbani, bado afanye?

MamaTatu_Coventry
Si lazima. Masomo yakiwa yalifundishwa kwa Kiingereza, apeleke vyeti Ecctis, taasisi ya Uingereza inayolinganisha vyeti vya nje, wathibitishe kwamba shahada inalingana na ya huku na kwamba ilifundishwa kwa Kiingereza. Aombe barua ya chuo mapema, kabla hujamaliza ovataimu zako, maana ofisi za wasajili wa vyuo unazijua. Ikishindikana, afanye mtihani wa ngazi ya A1, ile ya mwanzo kabisa, wa kusikiliza na kuongea tu.