Mvua ya mawe inazidi kutugharimu: mwenye paa dhaifu abebe mzigo wake, au tugawane sote?

Mleta mada:
Wadau, salaam. Naleta hoja moja, na msimamo wangu nautanguliza ili anayetaka kunipinga asihangaike kuutafuta.

Kwa hesabu za Swiss Re, kampuni kubwa ya bima mtawanyo (yaani inayozikatia bima kampuni za bima), mwaka 2023 dhoruba za radi zilizigharimu kampuni za bima duniani zaidi ya dola bilioni 60, nyingi zikiwa ni fidia za Marekani. Ukitaja dhoruba wengi tunawaza tonado au upepo unaong'oa miti. Kumbe mlaji mkuu ni mvua ya mawe, inayochukua kati ya asilimia 50 na 80 ya fidia za kundi hili. Haipewi jina kama vimbunga vya baharini, wala haikai. Inapiga dakika chache, inahamia mtaa wa pili, na nyuma yake inaacha maelfu ya mapaa, magari na vioo.

Tazameni Calgary, Kanada. Juni 2020 dhoruba moja iligharimu bima zaidi ya dola za Kanada bilioni 1. Agosti 2024 mji huohuo ukapigwa tena, safari hii takriban bilioni 3. Fedha hizo hazidondoki kutoka mbinguni pamoja na mawe. Zinatoka kwenye ada ya kila mwenye bima, hata yule ambaye paa lake halikupata mkwaruzo.

Msimamo wangu: kila mtu alipie paa lake. Ukiezeka vigae vyepesi vya lami kwa sababu ni rahisi, kwenye ukanda unaojulikana kwa mawe, ukalipwa paa jipya, ukaezeka vilevile, ukalipwa tena, hiyo siyo bima. Ni majirani wanakuezekea.

Wingu Jeusi:
Mleta mada, umemkamata mwenye nyumba ukamwachia mwenye moshi unaoipasha dunia joto aende zake.

Jiwe la barafu halijitengenezi. Linahitaji hewa yenye joto na unyevu chini, ubaridi juu, na mkondo wa hewa unaopanda kwa nguvu ya kulibeba jiwe likizidi kunenepa. Kila nyuzi 1 ya joto inapoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Huo ndio mtaji wa dhoruba. Joto hilohilo hupandisha juu kiwango cha kuyeyuka, kwa hiyo mawe madogo yanaishia kuwa matone njiani, ila makubwa yanafika. Yaani tunaweza kupata siku chache za mawe lakini mawe mabaya zaidi. Julai 2023 kaskazini mwa Italia liliokotwa jiwe la sentimita 19, ambalo Ulaya haikuwahi kurekodi mfano wake. Sasa unataka nani alipie hilo, bibi mwenye nyumba?

Hesabu Haidanganyi:
Fizikia ya Wingu Jeusi naikubali. Ninachokataa ni kurukia kwenye bili. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, katika ripoti yake ya 2021 lilisema uhakika ni mdogo kuhusu mwenendo wa mvua ya mawe uliokwishaonekana. Kumbukumbu ni chache na hazilingani: jiwe likianguka porini hakuna wa kulipima, likianguka mjini linapigwa picha mara mia.

Kinachopanda bila ubishi ni vitu vilivyo chini ya wingu. Chukulia ubao wa kurushia vishale: mrushaji ni yuleyule, vishale ni vilevile, ila kila mwaka mtu anachora duara kubwa zaidi katikati. Miji imetanuka hadi kwenye yaliyokuwa mashamba, nyumba zimekuwa kubwa, paa lina mikunjo na madirisha ya juu. Kioo cha mbele cha gari kilikuwa kioo tu. Leo nyuma yake kuna kamera za kusaidia breki, na kioo kikibadilishwa kamera zinapimwa upya. Dhoruba ileile ya miaka 40 iliyopita ikirudi leo njia ileile, bili yake haitakuwa ileile hata ukiondoa mfumuko wa bei.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalipigii hesabu. Nishati ya jiwe linapogonga inapanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Uzito unakua kwa kipeo cha tatu, na mwendo wa kuanguka nao unaongezeka. Jiwe la sentimita 5 kwa hiyo halipigi mara mbili ya lile la sentimita 2.5. Linapiga mara 16. Kipimo cha kawaida cha paneli za sola ni kuzirushia tufe la barafu la milimita 25. Mwaka 2019 shamba la sola liitwalo Midway, huko Texas, lilipigwa na mawe makubwa kuliko hayo, na paneli laki kadhaa zikaharibika. Hasara ya bima ilifika dola milioni 70 hivi. Zile paneli zilikuwa na vyeti vyote.

Mpita Njia:
Swali la kijinga: kwa nini tusizuie mawe yenyewe? Nimesikia kuna mizinga.

Hesabu Haidanganyi:
Siyo la kijinga, lina zaidi ya karne. Mwaka 1896 huko Austria ya wakati huo (leo ni Slovenia) Albert Stiger alianza kufyatua mizinga kuelekea mawinguni kulinda mizabibu, na baada ya miaka michache maelfu ya mizinga ilikuwa inanguruma Ulaya. Mawe yaliendelea kunyesha. Baadaye ikaja njia ya kunyunyizia mawingu iodidi ya fedha (kemikali yenye madini ya fedha) ili vitengenezwe vipande vingi vidogo badala ya vichache vikubwa. Uswisi walifanya jaribio kubwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, Grossversuch IV, na hawakuona tofauti ya kuaminika. Hata hivyo huko Alberta, jimbo la Kanada, bado ndege za kunyunyizia zinapaa tangu 1996, na zinalipiwa na kampuni za bima zenyewe. Calgary imo ndani ya eneo hilo. Mengine malizia mwenyewe.

Fundi Paa:
Nyie mnaongea mawinguni, mimi niwashushe juu ya paa.

Mkadiria hasara akipanda, anachora mraba kwa chaki kila upande wa paa na kuhesabu mapigo ndani yake. Haanzi na vigae. Anaanza na vitu laini: kofia za bomba, mifereji, mapezi ya kiyoyozi. Bati laini halidanganyi, likibonyea unajua ukubwa wa jiwe na lilitoka upande gani. Kisha anapapasa kigae kwa kidole gumba. Chembechembe za juu zimeng'oka, lami nyeusi iko wazi, na pale katikati panabonyea kwa sababu utando wa chini umepasuka. Kwa mbali huoni kitu. Paa halivuji leo. Litavuja baada ya jua la miaka miwili kuila ile lami.

Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Kampuni inasema ni uchakavu, mwenye nyumba anasema ni mawe, na katikati yupo mtu aliyegonga hodi kesho yake ya dhoruba na kusema, "Mzee, paa lako limekwisha, saini hapa, hutatoa hata senti." Hiyo "hutatoa hata senti" maana yake anameza ile sehemu ya hasara ambayo mwenye bima anatakiwa kuibeba mwenyewe, ile tunayoiita ekses, kisha anaifidia kwa kupandisha bei ya kazi. Texas iliweka sheria ya kuikataza mwaka 2019. Mafundi wa aina hiyo wametuharibia jina, na mimi sioni aibu kusema sehemu ya gharama inayopanda ni wizi wa kawaida tu.

Mleta mada, paa gumu lipo. Kuna vigae vya daraja la juu, la 4, vinavyopimwa kwa kudondoshewa tufe la chuma. Vinaongeza gharama, lakini si mara mbili.

Mkulima Msomi:
Nimesoma yote na naona kitu kimoja kimesahaulika. Hizo bilioni 60 ni hasara *zenye bima*.

Nyanda za Kericho na Nandi nchini Kenya ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani. Mmewahi kuziona kwenye orodha ya dhoruba za gharama kubwa? Jiwe dogo tu, ambalo Calgary halingekwaruza gari, linatosha kupasua majani ya chai. Mchumaji anahitaji majani mawili na chipukizi. Vikisagika, anasubiri kichaka kichipue upya, na zile wiki hakuna cha kupeleka kiwandani. Mkulima mdogo asiye na bima hasara yake haiingii kwenye ripoti ya mtu. Na Aprili 1888 Moradabad, India, mawe yaliua watu 246, ambayo bado ndiyo rekodi ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Ile kwa dola ni ngapi?

Kwa hiyo "gharama inapanda" ni kweli kwa waliokatiwa bima. Wengine gharama yao ilikuwa juu siku zote, ila hakuna aliyekuwa anaijumlisha. Mkijadili kugawana mzigo, semeni kwanza ni mzigo wa akina nani.

Mleta mada:
Mkulima, hilo ni zito na silipingi. Ila linanisaidia. Kama bei haifuati hatari, hata huyo mchumaji hatapata bima, kwa sababu hakuna kampuni itakayoingia mahali ambapo inajua italipa kila msimu kwa ada isiyolingana.

Fundi umenipa silaha. Paa gumu lipo, haliongezi mara mbili, na bado watu hawaliweki. Kwa nini? Kwa sababu hawaoni tofauti kwenye ada. Marekani kampuni zimeshaanza kubadilika: paa la zamani wanalilipa thamani iliyobaki baada ya uchakavu, siyo paa jipya, na ekses ya mawe wanaihesabu kwa asilimia ya thamani ya nyumba.

Dada Mpangaji:
Kaka, hiyo asilimia ifanyie hesabu kwa sauti. Asilimia 2 ya nyumba ya dola 300,000 ni dola 6,000. Mwenye nyumba mstaafu anazitoa wapi kabla fundi hajaanza kazi? Asipozipata anaweka turubai, mvua inayofuata inaingia dari, na sasa hasara ni mara tatu. Mnaita "bei inayofundisha". Mtu asiye na fedha haumfundishi kwa bei, unamwondoa tu.

Na sisi tunaopanga? Paa si letu, uamuzi si wetu, kodi ikipanda ni yetu.

Wakala Mstaafu:
Nimekaa kwenye biashara hii muda mrefu, niongeze la Uswisi, maana kule hawakuchagua upande mmoja wa mada hii. Katika kantoni (majimbo yao) 19 kati ya 26 bima ya majengo iko kwa taasisi ya umma ya kantoni, na kwa kawaida ni lazima kwa kila mwenye jengo. Hakuna wa kukimbia, wala wa kufukuzwa. Papo hapo wana rejista ya vifaa vya ujenzi vilivyopimwa kwa mawe, kutoka daraja la 1 hadi la 5. Vigae, mapazia ya nje, madirisha ya paa, vyote vimo. Mfuko ni wa wote, lakini mfuko huo una sauti kwenye kanuni za ujenzi.

Kampuni binafsi haiwezi hivyo. Mteja wake ni wa mwaka mmoja. Ikimlipia paa gumu leo, mwakani anahamia kwa mshindani na faida anaivuna mwingine. Nimekaa vikao vingi ambavyo kila mtu alijua paa gumu linaokoa fedha, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulilipia.

Alabama, Marekani, nao wana mpango wa ruzuku, hadi dola 10,000 kwa nyumba ya kuimarisha paa, na punguzo la ada linalolazimishwa na sheria. Ulilenga hasa upepo wa vimbunga vya baharini, lakini muundo wake unafaa. Anayewekeza kwenye paa ananufaika yeye, mwaka huohuo.

Wingu Jeusi:
Uswisi ni tajiri, mzee wangu. Usituletee mfano wa anayeweza kulipa kuhusu suala la asiyeweza.

Wakala Mstaafu:
Taasisi nyingi kati ya hizo zilianzishwa karne ya 19 kwa ajili ya moto, mwanangu. Hawakuwa matajiri.

Mleta mada:
Dada Mpangaji, kwa wastaafu nakubali ruzuku, ilimradi fedha zinunue paa gumu na siyo kurudisha lilelile. Kwa wapangaji sheria iseme wazi: mwenye jengo akiezeka upya ndani ya ukanda wa mawe, aezeke kwa daraja linalofaa. Ila kugawana mzigo bila sharti hapo siwafuati.

Dada Mpangaji:
Halafu gharama ya hilo daraja anaiweka kwenye kodi yangu. Tumerudi palepale.

Fundi Paa:
Kabla hamjagawana, kuna jambo dogo la kazini. Nikimaliza kuezeka, hakuna anayepanda kuangalia. Naweza kuandika daraja la 4 kwenye risiti nikaweka chochote, na mawe yatakapokuja mimi nimeshahama mji. Punguzo la ada, ruzuku, sheria ya wapangaji, vyote vinasimama juu ya kile cheti. Mpango kama wa Alabama unataka mkaguzi asiye fundi wala mtu wa kampuni ya bima, na cheti kinaisha baada ya miaka mitano. Mleta mada, kwenye hesabu yako huyo mkaguzi analipwa na nani?