Sarafu za kale mtandaoni: picha mbovu ni kosa la muuzaji au la mnunuzi?

Mtoa mada

Wakuu salaam. Naleta hili maana ugomvi ni uleule kila siku, mtu kanunua sarafu ya kale kwa picha ambayo hata sura ya mfalme haionekani vizuri, mzigo ukifika anaanza tapeli tapeli. Kuna wanaosema muuzaji wa picha mbovu afungiwe moja kwa moja, na kuna wanaosema mnunuzi ana macho, hakulazimishwa.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizunguke. Picha mbovu siyo kosa, kosa ni kulipia kitu ambacho picha haijakionyesha. Kama unachoona ni duara lenye rangi ya fedha basi lipa bei ya duara lenye rangi ya fedha, ukitaka kulipa bei ya "adimu" subiri uone kinachoifanya iwe adimu.

Chukua shilingi ya Afrika Mashariki, ile ya simba na milima nyuma. Kuanzia 1921 mpaka 1946 ilikuwa na fedha robo, yaani asilimia 25, halafu za 1948 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Sasa nambie kwenye picha yenye ukungu nani anatofautisha 6 na 8? Muuzaji kaandika "fedha halisi" na wewe umetuma hela. Hapo hata ile ya 1946 yenyewe robo tatu siyo fedha, lakini hiyo tuiache.

Au reale ya Maria Theresa, wenye asili ya pwani wanaijua. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa yule malkia wa Austria, lakini ziliendelea kugongwa miaka na miaka Vienna, London, Bombay, Rome na kwingine, mwaka haukubadilishwa. Ya zamani na ya juzi utazijua kwa vitu vidogo, lulu kwenye bizimu ya begani, manyoya ya mkia wa tai. Picha ya gizani haikupi hata kimoja. Kwa hiyo bei yake iwe ya fedha iliyomo, gramu 28 na kidogo, usafi 833 kwa 1000, basi. Karibuni tujadili kwa hoja.

Mizani Kwanza

Mtoa mada umeongea vizuri ila umemwachia muuzaji kirahisi mno. Sarafu iko mkononi mwake, jua liko nje, dirisha analo, simu anayo, kwa nini anapiga usiku chini ya taa halafu anawasha flashi? Mi nakwambia wengi wanajua wanachofanya. Sarafu iliyosuguliwa na majivu na limao ikipigwa flashi inang'aa kama imetoka kiwandani leo, mikwaruzo yote imepotea. Na kuna ule mchezo wa kukata picha juu kidogo. Rupia na reale nyingi zilivaliwa shingoni, zilichomelewa kikuku cha kupitishia mkufu, kikuku kikitolewa kinaacha kovu la madini ya kuchomelea pale ukingoni. Ukiona picha imekatwa sehemu ya juu, uliza. Ukiona upande mmoja tu, uliza. Akijibu "kamera yangu mbovu mkuu" huku picha yake ya wasifu inaonekana mpaka vinyweleo, hapo tunadanganyana.

Mi nasema iwe sharti, pande mbili, ukingo, na uzito juu ya mizani. Huna, usiuze.

Mjukuu wa Tabora

Haya masharti ya Mizani yananipa mashaka kwa kweli. Hizi sarafu ziko wapi? Ziko kwenye mikebe ya mabibi zetu huko vijijini, na simu iliyopo ni ya mjukuu, kioo cha kamera kimepasuka, mizani ya gramu hajawahi kuiona. Ukimwambia hauzi mpaka apate mizani, unajua nani atakuja? Dalali. Atanunua mkebe mzima kwa hela ya sukari, kesho yake atazipiga picha safi juu ya kitambaa cheusi, na nyie mtampigia makofi kwamba ndo muuzaji mwaminifu.

Halafu tapeli mwenyewe ndiye mwenye picha nzuri kuliko wote, hilo mbona hamlisemi? Ile rupia 15 ya dhahabu iliyogongwa Tabora 1916, ya tembo na mlima, Mjerumani amezidiwa vitani anatengeneza pesa kwenye karakana ya reli, zilitoka kama 16,000 tu. Picha zake mtandaoni zinaonekana mpaka mkunjo wa mkonga, kwa sababu zimechukuliwa kwenye katalogi za mnada huko Ulaya! Picha ya mnada, mzigo unaokuja ni wa bati lililopakwa rangi. Picha mbovu ya bibi angalau ni ya sarafu yake.

Mizani Kwanza

Sawa lakini hukunijibu kuhusu uzito. Hiyo ya tembo ni gramu 7.17 hivi, rupia moja ya fedha ni gramu 11.66. Hakuna picha ya katalogi inayoweza kukaa juu ya mizani pamoja na karatasi yenye jina la muuzaji na tarehe ya leo. Ndo maana nikasema mizani.

Kijana wa Eastlands

Huku Nairobi kuna ile peni ya shimo ya 1936, senti kumi iliyoandikwa jina la Edward wa 8. Watu wanaiuza na maelezo marefu ajabu, mfalme hakumaliza mwaka, hakutawazwa, hii ni lulu, milioni inbox. Historia ni ya kweli kabisa, lakini hizo senti zilitolewa kwa mamilioni, ziko kwa kila mtu. Mimi nikiona maneno mengi na picha moja yenye ukungu napita. Hapo hata picha ingekuwa safi bado ni senti kumi.

Mtoa mada

Nimesoma wote. Mjukuu umenigusa na hoja ya bibi, maana kanuni yangu ya "lipa unachokiona" ikifuatwa kavukavu inamuumiza yeye kuliko yeyote. Lakini siioni sababu ya kuiacha, naiongezea tu. Bei ya kwanza iwe ya kile kinachoonekana, na makubaliano yaandikwe kabisa kwamba ikithibitika ni kitu kikubwa zaidi mnunuzi anaongeza kiasi fulani. Mnunuzi wa kweli hatakataa. Dalali ndo atakataa.

Na mizani siyo lazima awe nayo bibi. Kila mji una sonara. Nenda na sarafu, omba ipimwe, piga picha pale pale, mchana, kivulini nje, flashi zima. Hasa hizi heller 20 za Tabora, yaani senti za Mjerumani, kuna za shaba njano na za shaba nyekundu na bei hazifanani, sasa ukipiga chini ya balbu ya njano zote zinakuwa rangi moja. Na kwenye heller za kawaida kuna herufi ndogo, A ya Berlin au J ya Hamburg, mnunuzi makini anaitafuta hiyo kabla ya kitu kingine. Kama simu haioni, bibi ana macho ya mjukuu, isomwe kwa mdomo, video ya sekunde chache inatosha.

Mjukuu wa Tabora

Hilo la kuongeza bei baadaye zuri kwenye maandishi, ila mzigo ukishapanda basi kwenda Dar nani atamkumbuka bibi? Labda hela yote ibaki kwa mtu wa kati mpaka ipimwe.

Mizani Kwanza

Mtu wa kati nakubali. Na ikionekana siyo, nauli ya kurudisha analipa muuzaji.

Mjukuu wa Tabora

Hapana. Aliyeng'ang'ania kununua kwa picha ya ukungu ndiye alipe nauli, kwenda na kurudi.