Simu kwa kuruti: arudishiwe kila jioni, au wiki za mwanzo abaki na barua?

Bahasha Wazi
Wakuu, salamu. Kila kundi jipya likiripoti depo, yaani kambi ya mafunzo ya mwanzo ya jeshi, hoja hii inarudi. Kuna majeshi yanayokusanya simu siku ya kwanza na kuzifungia, kuruti akapewa dakika chache mwisho wa wiki, tena kama platuni haijavuruga. Kuna yanayomrudishia kila jioni. Marine wa Marekani wana wiki 13 za depo: akifika anapiga simu moja nyumbani, anasoma maneno aliyoandikiwa, anakata. Baada ya hapo ni barua.
Mimi nasema nusu saa kila jioni. Mtu anafokewa tangu alfajiri, hajalala vya kutosha, hana hata mmoja anayemjua bwenini. Sauti ya nyumbani inamshikilia. Mnasemaje?

Kisigino Kigumu
Nusu saa hiyo inatoka wapi? Baada ya chakula cha jioni kuna foleni ya kuoga, kufua, kupiga pasi sare ya kesho, kung'arisha mabuti, usafi wa bweni, na silaha kama mchana walikuwa kwenye shabaha. Ukichomeka simu hapo, kinachokatwa ni usingizi, na kuruti asiyelala ndiye anayejikwaa kesho kwenye vikwazo. Badala ya kulilia simu, mwambie mdogo wako aloweke mabuti kwenye maji ya moto usiku kucha, kisha ayavae mpaka yakaukie mguuni. Yatamfaa kuliko sauti ya mama.

Bahasha Wazi
Sijasema nina mdogo depo. Na "kulilia" ni neno lako.

Nta Nyeusi
Hoja ya simu nawaachia. Ila hilo la maji ya moto lisipite hivi hivi, kuna mtu atalisoma na kulifanya usiku huu. Mabuti mengi ya sasa soli imeshikwa kwa gundi, na joto linailegeza. Ngozi ikikauka haraka inakakamaa na kupasuka pale inapokunja, juu ya vidole. Na kutembea na unyevu ndani ya buti ndiyo njia fupi ya kupata malengelenge, maana ngozi iliyolowa inashika soksi badala ya kuteleza.
Buti linazoeshwa kwa muda. Nusu saa kwa siku bila mzigo, wiki ya kwanza. Kisha kilomita tatu, tano, nane. Begi la mgongoni linakuja mwisho. Na unalijaribisha jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, ukiwa na soksi zile zile za kazi. Kidole kirefu kibakiwe na nafasi ya upana wa kidole gumba, kisigino kisipande unapotembea.

Kisigino Kigumu
Wazee walivuka nchi nzima na mabuti yaliyolowekwa. Sasa ninyi wa gundi na jioni-jioni ndio mnajua?

Nta Nyeusi
Wazee walivuka na vidonda pia, mkuu. Ila walikuwa hawasemi.

Pasi Baridi
😂 Hapo mzee umepigwa.
Kwenye malengelenge naomba niongeze, maana kuruti wengi wanaokosa mazoezi wiki ya pili ni kwa sababu ya miguu. Sehemu ikianza kuwaka, simama hapo hapo, usisubiri mapumziko. Kausha, bandika plasta ya zinki, kata pembe zake ziwe za mviringo zisijikunje, na plasta isiwe na kikunjo hata kimoja. Lengelenge dogo lisiloumiza, liache. Kubwa linalobana, toboa pembeni kwa chini, sindano safi iliyopita kwenye spiriti, kamua taratibu, ngozi ya juu USIITOE. Ile ndiyo bandeji bora uliyonayo. Maji yakiwa ya usaha au ukaona mstari mwekundu unapanda mguuni, hiyo ni zahanati siku hiyo hiyo.

Mstari wa Mbele
Mafuta ya mgando tu, basi. Paka kisigino na vidole, nenda. Mnaandika risala kwa kitu kidogo.

Pasi Baridi
Mafuta yanateleza mwanzoni. Yakishanywewa na ngozi na soksi, msuguano unapanda kuliko ulivyokuwa hujapaka. Kwa mwendo mfupi sawa. Kwa kilomita 20 unajidanganya, labda upake upya kila mapumziko na ubadilishe soksi.

Nta Nyeusi
Afadhali hata dawa ya kuzuia jasho. Makadeti wa West Point, chuo cha maofisa wa jeshi Marekani, walijaribiwa nayo, matokeo yakatoka 1998: mwendo wa kilomita 21, waliopaka usiku kadhaa kabla, waliopata malengelenge ni asilimia 21, waliopaka ya bandia asilimia 48. Ubaya wake zaidi ya nusu ya waliopaka miguu iliwawasha. Kwa hiyo huanzi usiku wa kuamkia mwendo.

Bahasha Wazi
Jamani, simu.

Mstari wa Mbele
Simu jibu lake ni fupi: usalama. Mmesahau Ukraine? Mwaka mpya wa 2023, wanajeshi wa Ukraine mamia wamelala kwenye jengo moja, wakapiga simu nyumbani kusalimia, kombora likatua. Simu ndiyo iliyowaua.

Kifungo cha Shaba
Umegeuza pande. Walikuwa Warusi, mji wa Makiivka walioushika mashariki mwa Ukraine, waliopiga ni Ukraine. Wizara ya Ulinzi ya Urusi yenyewe ndiyo iliyosema simu ndizo sababu kuu na kutaja vifo 89. Wengine, hata huko huko Urusi, walihoji kwa nini watu wote walijazwa jengo moja na risasi zikahifadhiwa humo humo. Kumtwika lawama aliyepiga simu ni rahisi kuliko kumtwika aliyechagua jengo.
Na ule ulikuwa uwanja wa vita. Kuruti wa wiki ya tatu anafundishwa kugeuka nyuma. Siri gani atavujisha, kwamba bweni lina vitanda viwili-viwili?

Mstari wa Mbele
Mwaka 2018 ramani ya programu ya wakimbiaji, Strava, ilianika kambi za jeshi dunia nzima. Watu walikuwa wanakimbia tu. Tabia inaanzia depo, bwana. Anayezoea simu depo ataibeba mbele.

Kifungo cha Shaba
Basi mfundishe depo kuzima kinachoonesha mahali simu ilipo. Ukimnyang'anya bila kumfundisha, siku anarudishiwa anaanza kupiga picha na nambari ya kikosi begani.

Kisigino Kigumu
Kuna jambo mnalikwepa. Simu haileti faraja peke yake. Inaleta mpenzi aliyenuna, deni, ugomvi wa kiwanja, na kuruti hawezi kutatua hata kimoja akiwa ndani. Analala na hasira, kesho anashika bunduki. Barua walau mwandishi anaipoza kabla ya kuifunga. Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani waliona barua ni muhimu kiasi cha kuzipiga picha ndogo kwenye filamu ili ziwafikie askari wao. Wao ndio walioanza.

Kifungo cha Shaba
Walioanza ni Waingereza, 1941. Wamarekani walifuata 1942, wakaita V-mail. Magunia 37 ya barua yaliingia gunia moja. Ila nakubali, barua ilipewa nafasi ya shehena kwa sababu maalum.

Kisigino Kigumu
Ahsante kwa kunikubali kwa kunisahihisha.

Shajara
Mimi nawasoma tangu juu. Mnabishana chombo, lakini kinachomdhuru kuruti ni kinachosemwa. Chukua sentensi moja ya kawaida: "Usije ukatuaibisha, ukirudishwa usirudi hapa." Iwe kwa simu au kwa barua, matokeo yake ni kuruti anayeficha maumivu.
Mfupa wa goti kushuka chini, au ile midogo ya wayo, ukianza kupigwa na kwata na mwendo kila siku, mwili kwanza unatoa mfupa wa zamani, ndipo unajenga mpya. Kuna wiki kadhaa katikati ambapo mfupa ni dhaifu kuliko siku alipofika. Maumivu yaliyosambaa kando ya mfupa wa mguu mara nyingi ni misuli na utando wake. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, yanayozidi ukiruka kwa mguu huo, ni dalili ya ufa. Eksirei ya siku za mwanzo inaweza isioneshe kitu, ndiyo maana wanadhaniwa wanategea. Akiripoti mapema anapumzishwa wiki kadhaa na kuunganishwa na kundi la nyuma. Akificha, mfupa unakatika kabisa na jeshi limeisha.
Sasa nani atamwambia aripoti? Mkufunzi anasema, lakini yeye anasikiliza nyumbani.

Pasi Baridi
Hili la Shajara ndilo lilipaswa kuwa uzi. Na "kunywa maji mengi mwanangu" nayo iangaliwe. Jeshi la nchi kavu la Marekani limeweka kikomo: kama lita 1.4 kwa saa, kama 11 kwa siku, hata jua liwe kali vipi. Ukizidisha, chumvi ya damu inashuka: kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa. Dalili zinafanana na za kuzidiwa na joto, mwenzake anamwongezea maji, anamzamisha.

Mstari wa Mbele
Leo maji nayo ni adui. Kesho hewa.

Pasi Baridi
Soma tena, nimesema kikomo. Usipokunywa pia unaanguka.

Bahasha Wazi
Sawa, nabadilisha swali, maana la kwanza mmelizika. Familia ifanye nini hasa wiki nne za kwanza, kama simu hakuna?

Shajara
Kabla hajaondoka: jina kamili kama lilivyo kwenye fomu, nambari ya simu ya ofisi ya zamu depo. Akishapangiwa, nambari yake ya jeshi, kombania, platuni. Viandikwe vyote mahali pamoja. Msiba ukitokea mnapiga ofisi ya zamu; hamwandikii barua, wala hamtumi habari kwa rafiki yake.
Barua fupi mbili kwa wiki ni bora kuliko ndefu moja. Zipeni namba juu, kwa sababu zitafika kinyumenyume na atadhani mmekasirika. Bahasha iwe ya kawaida nje: hakuna mioyo, hakuna manukato, hakuna vyeo vya utani. Platuni nzima itasomewa na yeye atapiga push-up kwa kila moyo.

Kisigino Kigumu
Mioyo kumi, push-up kumi. Hilo zoezi zuri.

Nta Nyeusi
Kifurushi mtume akishaandika kwamba kinaruhusiwa, kabla ya hapo hapana. Kiwe kidogo: soksi nyembamba za ndani za nailoni au poliesta, si pamba, jozi nne, nene za sufi za kuvaa juu, jozi nne, plasta ya zinki, poda ya miguu, kamba za buti za akiba, stempu na bahasha. Vya kula viacheni, vinaleta panya, na panya analeta ukaguzi saa tisa usiku.

Mstari wa Mbele
Na mafuta ya mgando.

Pasi Baridi
Ya midomo, ndiyo.