Laini ya umeme ya ABC imefungwa kwa baindingi waya kwenye nguzo ya kati, naambiwa "mtafute mkandarasi"!

Wakuu, leo nivumilieni, nina hasira.

Laini ya mtaani kwetu ni ABC, zile waya nyeusi zilizosokotwa pamoja. Nguzo ya kona iko poa, ya mwisho iko poa. Ya kati, hii iliyo mbele ya geti langu, haina klampu (kile kibanio cha kushikia waya). Mtu kapigilia msumari wa nchi sita, kazungusha baindingi waya ya kufungia nondo kwenye furushi zima, kashuka, kaondoka. Na kalipwa!

Kwa wasiojua: kwenye ABC ya aina hii uzito wote unabebwa na nyutro (waya wa kurudishia umeme), ambayo ni aloi ngumu ya alumini. Fezi (waya zinazoleta umeme) ni alumini ya kawaida, kazi yake kupitisha umeme tu. Ndiyo maana klampu ya nguzo ya kati inashika nyutro peke yake, bila kuijeruhi, halafu inaning'inia ikicheza na upepo. Fezi zinapita pembeni bila kubanwa. Huyu bwana kavikaba vyote shingoni.

Upepo ukivuma furushi linajisugua palepale. Baindingi imeshakula plastiki, ukisimama upande wa barabarani unaona alumini inang'aa. Mvua ya juzi ilitoa cheche, na nguzo ni ya mti, imelowa, watoto wanaiegemea wakingoja bodaboda za shule.

Msidhani tatizo ni giza tu. Nyutro ikikatika, nyumba za fezi tofauti zinabaki zimeungana zenyewe kwa zenyewe, na kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Mwenye matumizi madogo ndiye anapandishiwa volti, friji na tivii kwaheri. Nani atalipa?

Nimeripoti. Ofisi ya umeme inasema mtafute mkandarasi, mkandarasi anasema kazi alishakabidhi. Sasa aliyeipokea alikagua nini, au hakushuka kwenye gari? Jirani katuletea kishoka (fundi wa mtaani asiye na kibali) apande abadilishe na laini iko hai. Nimegoma, sitaki maiti getini kwangu.

Mafundi na wanasheria wa humu: nikipeleka malalamiko EWURA (wadhibiti wa huduma za nishati na maji), nianze na barua kwa meneja wa wilaya, au namba ya taarifa niliyopewa kwenye simu inatosha? Picha ninazo, na namba ya nguzo inasomeka.