Kebo mbili kati ya swichi, lakini kasi ni ya kebo moja

Swali
Habari zenu wanajukwaa. Nimeunganisha swichi ya mtandao ya chini na ya ghorofani kwa kebo mbili za gigabiti 1, na poti zake nimeziweka katika kundi moja kwa itifaki ya LACP (swichi mbili hukubaliana kwayo kutumia kebo kadhaa kama njia moja). Nikichomoa kebo moja mawasiliano hayakatiki. Hata hivyo, ninapohamisha nakala rudufu kutoka seva ya chini hadi ya juu, kasi haivuki megabaiti 112 kwa sekunde, nami nilitarajia maradufu. Nimekosea wapi?

Jibu la 1
Hujakosea, ndivyo kundi la poti linavyofanya kazi. Swichi haipasui mazungumzo ya mashine mbili katika kebo mbili, kwa sababu pakiti zingefika zimepishana. Badala yake huzikokotoa anwani za MAC (za vifaa vyenyewe) au za IP (za mtandao), na jibu linalopatikana ndilo huamua kebo. Anwani zako ni mbili zile zile, basi jibu halibadiliki. Iagize swichi ihesabu pia namba za poti za TCP (si hizi za kuchomeka kebo, majina tu yanafanana; hizo ni namba zinazotofautisha mazungumzo ya mashine zile zile), kisha uhamishe faili kadhaa kwa wakati mmoja. Mabadiliko hayo yafanye kwenye swichi inayotuma, maana kila swichi hujiamulia inachokitoa.

Jibu la 2
Kabla ya hayo, seva zenyewe zimeingia kwenye swichi kwa kebo ngapi?

Muulizaji
Moja moja, za gigabiti 1.

Jibu la 2
Basi hata ukokotoaji ukibadilishwa, seva yako haitavuka kasi hiyo, kwa kuwa njia yake ya kutokea ni hiyo moja. Faida ya kundi utaiona watumishi wengi wa ghorofani wanapozifikia seva za chini kwa pamoja.

Kuhusu kebo moja kuwa akiba ya nyingine, umefanya vyema kutumia LACP badala ya kundi la kulazimisha (poti zinazounganishwa bila swichi kuulizana hali). Kukiwa na kigeuzi cha nyuzi za mwanga katikati, kebo inaweza kukatika upande wa pili huku taa ya poti yako ikiendelea kuwaka, na kundi la kulazimisha litaendelea kuzitupa pakiti humo. LACP huligundua hilo ndani ya sekunde 90, au 3 ukiiweka katika mwendo wa haraka.

Muulizaji
Kigeuzi kipo kweli. Nitaweka mwendo wa haraka pande zote mbili leo jioni, na seva nitaziongezea kebo ya pili.