Ukungu wa Isyonje umenitoa jasho, naombeni ushauri

Kijana_wa_Temeke: Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtu wa Dar, nimezoea foleni na joto. Mwezi uliopita nilikwenda msibani Tukuyu, mkoani Mbeya, na gari yangu IST. Kurudi nikatoka saa 11 alfajiri. Kiwira nimepita vizuri, kupanda kuelekea Isyonje nikaingia kwenye ukungu mweupe kama maziwa. Nikawasha taa full, kioo kikawa kama kimepakwa chokaa. Nikapata semi, nikaganda nyuma yake, hazadi zinawaka, hadi Uyole. Nimefika miguu inatetemeka. Jumapili ijayo ni arobaini, lazima nirudi. Nifanyeje?

Mnyaki_Halisi: Pole mkuu, ila ulikuwa unatafuta msiba wa pili. Ukungu ni matone ya maji. Ukiyapiga full mwanga unakurudia machoni. Tumia dim. Na kuganda nyuma ya semi! Akikwepa bodaboda isiyo na taa akakanyaga breki, wewe uko chini ya tela. Wengine wamepaki pembeni taa za nyuma zinawaka, unamfuata ukidhani anatembea. Fuata mstari wa pembeni kushoto, achana na mgongo wa mtu.

Kijana_wa_Temeke: Lakini nilikuwa 40 tu.

Mnyaki_Halisi: Uliangalia dashibodi au ulikisia? Kwenye ukungu huoni miti ikipita, unajiona unatambaa kumbe unakimbia. 80 ni mita 22 kila sekunde. Kama unaona mita 30 mbele, hata sekunde moja na nusu huna. Hata hiyo 40 ni mita 11.

Fundi_Mwanjelwa: Swali: ulifunga vioo vyote na AC umezima?

Kijana_wa_Temeke: Ndiyo, baridi ile!

Fundi_Mwanjelwa: Basi ukungu mwingine ulikuwa nao ndani ya gari. Pumzi zenu zinaganda kwenye kioo. Washa AC, weka joto, elekeza upepo kioo cha mbele. AC inakausha hewa, kioo kinang'aa fasta. Na usifute kwa kiganja, unaacha michirizi ya mafuta; beba kitambaa kikavu. Halafu gari nyingi za Japani hazina ile taa nyekundu ya ukungu nyuma, kwa hiyo washa taa za mbele, dim, hata mchana. Parking hazitoshi.

Binti_Njombe: Hazadi mimi nawasha, sijali mtu. Njombe mwezi wa sita bila hazadi unagongwa.

Mnyaki_Halisi: Dada, hazadi ni za aliyesimama. Wa nyuma ataamua kukupita, na ukitaka kukata kona indiketa yako nayo haionekani.

Binti_Njombe: Nikiwa natambaa 15 bora nionekane. Hapo hunibadilishi.

Mama_Igawilo: Mnampa mtoto masomo ya udereva, kwani arobaini inaanza alfajiri? Mwanangu, lala Uyole, kunywa chai, ondoka jua likishachomoza vizuri.

Kijana_wa_Temeke: Mrejesho, wakuu. Nilimsikiliza Mama, nimetoka Uyole saa tatu na nusu. Isyonje ulibaki ukungu mwembamba. Nimepita na dim, kioo cha kulia nimeshusha kidogo nisikie magari. Shemeji kajifunika khanga mbili, anauliza nani anawasha AC Mbeya. Nimemnunulia ndoo ya viazi pale barabarani, kanyamaza.